Chama Kilichojengwa kwa Maswali

Miaka tisini na ushei imekwisha pita tangu jarida la Wonder Stories la New York lilipowatangazia wasomaji wake, katika toleo la Mei 1934, kuasisiwa kwa jumuiya iliyoitwa Science Fiction League, yaani jumuiya ya wapenzi wa bunilizi za kisayansi; na ijapokuwa jumuiya hiyo yenyewe haikujaaliwa umri mrefu, wana na wajukuu wake wangali hai, wanakutana, wanabishana, na zaidi ya yote wanaulizana maswali ili kupima nani amesoma nini na nani anakumbuka nini. Si vibaya, basi, nasi tulio Nyakasimbi, Karagwe, ingawa tumetengwa na New York kwa bara zima na bahari nzima, tukaikumbuka kwa taadhima inayoistahili. Na mtu akiuliza Karagwe ina hisa gani katika mambo hayo ya Wamarekani, jawabu ni kwamba jina la Karagwe liliingia katika fasihi hiyo miaka 71 kabla jumuiya haijaundwa, wakati mwasisi wake alikuwa bado hajazaliwa.

Historia ya kila taasisi ina nasaba yake, na nasaba ya hii yatupasa tuianzie Bweranyange. Mwezi wa Novemba 1861 Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, waliwasili huko katika baraza ya Omukama Rumanyika wa Karagwe, wakiwa njiani kutafuta chimbuko la mto Nili. Wageni walikuja na maswali yao juu ya maziwa, milima na mito, lakini mwenyeji wao naye alikuwa na yake, na kwa rai yangu, ya mwenyeji yalikuwa mazito zaidi. Kwani Speke amesimulia kwamba Rumanyika alitaka kujua kama jua lichalo leo ndilo lile lililokuchwa jana, au kila siku huja jua jingine jipya, na kama mwezi hugeuza sura yake kwa kusudi la kuwacheka wanadamu walioko ardhini. Mtu atazamaye mbingu alizozizoea tangu utotoni, akakataa kuridhika na mazoea, akauliza je, kama mambo si hivi tunavyodhani, huyo amekwisha fika mlangoni mwa fasihi tunayoizungumzia, hata kama hajapata kushika kalamu.

Speke na Grant wangali safarini kurejea kwao, kilichapishwa Paris, Januari 1863, kitabu cha mtunzi wa miaka 34 aliyekuwa hana jina bado, Jules Verne, kinachosimulia safari ya wiki tano angani kwa puto. Kitabu hicho, ambacho ndicho cha kwanza katika silsila ndefu ya safari za ajabu zilizomfanya Verne ajulikane ulimwenguni kote, kinaanzia Unguja: Daktari Samuel Fergusson, rafiki yake Dick Kennedy na mtumishi wao Joe wanapanda puto liitwalo Victoria, wanapita Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, ambako watu wanawadhania kuwa ni wana wa mwezi mpaka mwezi wenyewe unapochomoza na kuwafedhehi, kisha wanafika Karagwe, nchi ambayo jina lake limeandikwa wazi katika anwani ya sura ya 18, na ndipo wanapolivuka ziwa lililojulikana zama hizo kwa jina la Ukerewe.

Verne hakupata kukanyaga nchi hizi. Habari zake alizichota katika vitabu vya wasafiri, mmoja wao Richard Burton, na Burton, ambaye naye hakufika Karagwe, alizipata kwa wafanyabiashara wa Kiarabu waliokuwa na makao Kazeh, mashuhuri miongoni mwao akiwa Snay bin Amir, aliyekuwa amesafiri hadi Buganda mwaka 1852 katika enzi ya Kabaka Suna. Kwa hiyo habari ya nchi yetu ilitoka vinywani mwa watu wa misafara waliokuwa wakijibu maswali ya mgeni, ikaingia katika kitabu cha Kiingereza, ikavuka bahari ikawa riwaya ya Kifaransa. Ni haki kuongeza kwamba Verne aliwachora Waafrika kwa dharau iliyokuwa desturi ya Wazungu wa zama zake, na msomaji wa leo hana sababu ya kumsamehe hilo. Lakini dharau yake haiondoi ukweli kwamba fasihi hii, ilipoanza kuruka, iliruka juu ya vichwa vya babu zetu.

Miongoni mwa waliokua wakimsoma Verne alikuwamo mtoto mmoja wa Luxembourg, Hugo Gernsback, aliyezaliwa mwaka 1884, akahamia Marekani mwaka 1904, na huko akajishughulisha na biashara ya vifaa vya umeme na redio pamoja na uchapishaji wa majarida ya ufundi. Mwezi wa Aprili 1926 alitoa toleo la kwanza la Amazing Stories, jarida la kwanza la Kiingereza lililojitolea kwa hadithi za namna hii peke yake, ambalo toleo lake hilo lilikuwa na hadithi za Verne, H. G. Wells na Edgar Allan Poe, na ambalo juu ya ukurasa wa mhariri lilibeba picha ya kaburi la Verne lililoko Amiens, mfano wa mwanafunzi anayetanguliza jina la shehe wake kabla ya kusema la kwake.

Gernsback alikuwa mfanyabiashara, wala si sahihi kumfanya walii. Hata hivyo alianzisha desturi mbili ambazo faida yake ilipita kiasi cha hesabu zake. Ya kwanza ni kwamba barua za wasomaji alizichapisha pamoja na anwani zao, na kwa njia hiyo vijana waliokuwa wakisoma peke yao, kila mmoja akidhani kuwa yeye tu ndiye mwenye mapenzi hayo mjini kwao, wakagundua kuwa wana wenzao mtaa wa pili au jimbo la pili, wakaanza kuandikiana na kutembeleana. Ya pili ni maswali: majarida yake yalikuwa na ukurasa wa chemsha bongo uliomuuliza msomaji mambo ya elimu, na majibu yake yalikuwa yamo ndani ya hadithi zilezile alizokwisha zisoma, huku nambari ya ukurasa ikitajwa ili asiyejua akarejee na kutafuta. Swali, katika mpango huo, halikuwekwa kumwaibisha mjinga, bali kumrudisha kitabuni. Na hilo msomaji alishike, kwa sababu ndilo litakalotuwezesha kupima kila kilichofuata.

Mwaka 1929 Gernsback alipoteza kampuni yake kwa kufilisika, lakini hakukaa muda akaanzisha majarida mengine, na moja katika hayo ndilo lililokuja kuitwa Wonder Stories. Mwaka 1933 alimwajiri kuwa mhariri Charles D. Hornig, kijana wa miaka 17, baada ya kuliona jarida dogo ambalo kijana huyo alikuwa akilitoa mwenyewe kwa ajili ya wapenzi wenzake. Na mwaka uliofuata, katikati ya dhiki kubwa ya uchumi iliyoikumba Marekani, ndipo ilipotangazwa ile jumuiya, yenye nembo yake, beji yake na cheti chake, na yenye baraza la wakurugenzi ambamo waandishi kama Edmond Hamilton, David H. Keller na Clark Ashton Smith walikaa pamoja na wasomaji wa kawaida kama Forrest J Ackerman na Jack Darrow, ambao sifa yao pekee ilikuwa wingi wa barua walizoziandika kwa wahariri. Bila shaka lilikuwamo kusudio la kuuza nakala nyingi zaidi; lakini mara nyingi mtu hujenga duka, na wateja wakaligeuza baraza.

Mwaka 1935 jumuiya ilianza kutoa mitihani. Ukurasa wa jarida ukawa karatasi ya maswali juu ya hadithi na watunzi wake, na aliyejibu vizuri akatunukiwa shahada ya kwanza ya bunilizi za kisayansi, kana kwamba amemaliza masomo ya chuo kikuu. Ilikuwa mzaha, na kila mtu alijua kuwa ni mzaha. Lakini ulikuwa mzaha wenye maana, kwa sababu wengi wa watahiniwa hao walikuwa vijana ambao walimu na wazazi wao waliwaambia kuwa wanasoma upuuzi, na hapa alikuwapo mtu anayewaambia kuwa upuuzi huo una waandishi wake, una historia yake, una mambo ya kukumbukwa na mambo ya kubishaniwa, na kwamba anayeujua anastahili heshima. Fasihi ambayo vyuo viliidharau ilijitungia mtihani wake yenyewe, na kwa kujitungia mtihani ikajipa hadhi ya kuwa elimu.

Kwa Waswahili jambo hilo si geni. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alikuwa akirushiana mafumbo na washairi wa Lamu, mmoja akifumba na mwingine akitakiwa afumbue, na aliyeshindwa hakutolewa katika ushairi bali alirudi nyumbani kutafuta jibu. Na baadaye gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutolewa Dar es Salaam mwaka 1923, liliwapa washairi wa pwani na bara uwanja mmoja wa kuulizana na kujibizana kwa beti, hata watu ambao hawakupata kuonana uso kwa uso wakajuana kwa vina. Kinachotofautiana ni mada tu. Huko walipimana ujuzi wa lugha na ulimwengu uliopo, na kule walipimana ujuzi wa dunia ambazo hazijakuwapo.

Matawi ya jumuiya yalienea upesi, kwanza katika miji ya Marekani na kisha ng'ambo. Tawi la Los Angeles lilikutana mara ya kwanza tarehe 27 Oktoba 1934, na hilo, kwa kubadili jina na kujitegemea, limeendelea hadi zama zetu likikutana kila Alhamisi. Humo ndimo kijana Ray Bradbury, ambaye hakuwa na fedha za kwenda chuo, alipoingia mwaka 1937 akiwa na miaka 17, akaketi na waandishi waliomtangulia, akauliza na kuulizwa, hata naye akawa mwandishi ambaye vizazi vya baadaye vinaulizana juu yake. Huko Uingereza tawi la Leeds liliundwa mwaka 1935, na tarehe 3 Januari 1937 likaita mkutano uliohudhuriwa na watu wachache tu, lakini unaohesabiwa na wengi kuwa mkutano wa kwanza wa hadhara wa wapenzi wa fasihi hii duniani, ingawa Wamarekani wa Philadelphia hudai kuwa wao waliwatangulia kwa miezi michache. Miongoni mwa wachache hao alikuwamo Arthur C. Clarke, ambaye miaka minane baadaye, Oktoba 1945, aliandika katika jarida la Wireless World jinsi vyombo vitatu vilivyowekwa juu ya ikweta kwa umbali maalumu vinavyoweza kupeleka mawasiliano pande zote za dunia. Na matangazo ya televisheni yanayopokelewa leo kwa madishi juu ya mapaa ya mabati hapa Karagwe hupitia vyombo vya aina hiyohiyo.

Lakini historia ya kuadhimisha isiyotaja ikhtilafu ni sifa tupu, na jumuiya hii ilikuwa nazo tele. Donald A. Wollheim, kijana wa New York, alichapishiwa hadithi katika Wonder Stories la Januari 1934 na hakulipwa ujira wake; alipowauliza waandishi wengine akakuta hata wao wanadai, na kelele alizozipiga, pamoja na shughuli za chama kingine alichokuwamo, zikamletea yeye na wenzake John Michel na William Sykora kufukuzwa mwaka 1935. Kwa hiyo jumuiya iliyojengwa kwa maswali ililikasirikia swali moja tu, nalo ni lile la mtu kuuliza iko wapi haki yake. Mwaka 1936 Gernsback aliliuza jarida kwa kampuni nyingine, ambayo ililibadilisha jina likawa Thrilling Wonder Stories, na jumuiya ikabaki jina na safu ya jaridani kwa miaka michache mpaka ikatoweka, huku matawi yake, ambayo hayakuwa mali ya mwenye jarida, yakiendelea na maisha yao.

Mitihani nayo ilikuwa na upande wake wa giza, nao ulidhihirika mwaka 1939. Tarehe 2 hadi 4 Julai mwaka huo ulifanyika New York mkutano wa kwanza uliojiita wa dunia, uliokusanya watu wapatao 200 na kumfanya mgeni wa heshima Frank R. Paul, mchoraji wa majalada ya Gernsback. Siku ya ufunguzi wapenzi sita, wakiwamo Wollheim, Frederik Pohl na Cyril Kornbluth, ambao hakuna aliyewazidi kwa kusoma, walizuiwa kuingia kwa sababu ya uhasama wa makundi. Na mmoja wa viongozi wa kundi lililowazuia alikuwa Sykora yuleyule aliyefukuzwa miaka minne kabla yake. Asiyejifunza kutokana na dhuluma aliyotendewa huwa hodari wa kuitenda. Pohl na Kornbluth walikuja kuwa waandishi wakubwa, Wollheim akaasisi nyumba ya uchapaji mwaka 1971, na majina ya walioshika mlango hukumbukwa zaidi kwa sababu ya mlango ule. Tangu hapo mpaka leo wapenzi wa fasihi hii wamegawanyika mafungu mawili: wapo wanaouliza swali ili mgeni aonyeshwe njia ya kuingia, na wapo wanaouliza lilelile ili mgeni aonekane hastahili kuwamo, naye mara nyingi huwa ni mwanamke, au mtu mweusi, au mtu aliyefika akiwa amechelewa.

Mkutano wa dunia, hata hivyo, uliendelea, isipokuwa miaka ya vita ya 1942 hadi 1945, na mwaka 1953 ulianza kutoa tuzo ambazo zimepewa jina la Hugo kwa heshima ya Gernsback, aliyefariki mwaka 1967. Tuzo hizo nazo zimeipitia Afrika Mashariki kwa njia ya ajabu. Riwaya iliyoshinda mwaka 1969 ni Stand on Zanzibar ya Mwingereza John Brunner, iliyochapishwa mwaka 1968, na iliyokadiria kwamba ifikapo mwaka 2010 wanadamu watakuwa bilioni saba, nao wakisimama bega kwa bega watahitaji kisiwa chenye ukubwa wa Unguja ili watoshe. Kisa chake chenyewe, lakini, hakitendeki Unguja. Mwaka 1989 Mmarekani Mike Resnick alishinda kwa hadithi iitwayo Kirinyaga, iliyohusu Wakikuyu walioanzisha makazi yao nje ya dunia. Kwa hiyo visiwa vyetu na mlima wetu vimekuwa majibu ya maswali katika kumbi za mbali, ilhali wenyewe tulikuwa hatujaulizwa neno.

Wala haikuwa kwamba sisi hatuna cha kuulizana. Shaaban Robert alikwisha iandika Kusadikika mwaka 1951, nchi inayoning'inia angani, ambayo wajumbe wake walitumwa pande sita za ulimwengu, na kila aliyerejea na ujuzi mpya akalipwa kifungo. Katama Mkangi wa Kenya alichapisha Walenisi mwaka 1995, ambamo mtu aliyehukumiwa anarushwa katika chombo kiende kumuua, naye akafika salama katika ulimwengu mwingine wenye haki kuliko ule alioutoka. Wanuri Kahiu alitengeneza filamu fupi ya Pumzi mwaka 2009, juu ya watu wanaoishi chini ya ardhi baada ya vita vya kugombea maji. Wana fasihi wa Jalada, jijini Nairobi, walitoa mkusanyo wa hadithi za wakati ujao wa Afrika mwanzoni mwa mwaka 2015. Na mwaka 2016 iliundwa jumuiya ya waandishi wa bunilizi wa Afrika nzima, ambayo tangu 2017 inatoa tuzo zake yenyewe ziitwazo Nommo. Hazina ipo, tena imo katika lugha tunayoielewa. Kinachopungua ni baraza la kuulizana.

Basi kwa kuiadhimisha jumuiya ile kwa namna ambayo ingeipendeza, na tujaribu mtihani mdogo. Ni mfalme yupi aliyemuuliza msafiri kama jua la leo ndilo la jana? Ni riwaya ipi ya kwanza ya mtunzi mashuhuri wa Ufaransa iliyoanzia Unguja na kupitia Karagwe, na habari za Karagwe alizipata kwa nani? Ni nchi ipi iliyowafunga wajumbe wake kwa kosa la kujua? Ni chombo gani kilichokusudiwa kuua kikawa cha kuokoa? Majibu yote yamo katika makala haya, kwa desturi ileile ya Gernsback, na asiyeyakumbuka ana ruhusa ya kurudi juu na kuyasoma tena bila aibu yoyote.

Hukumu yangu juu ya jumuiya hii ni kwamba ilikufa kwa sababu ilikuwa mali ya mtu mmoja, na ikaishi kwa sababu maswali hayana mwenyewe. Walimu wa shule za Nyakasimbi na vijana wa Karagwe na Kyerwa kwa jumla hawahitaji beji wala cheti kutoka ng'ambo ili waanze. Wanahitaji vitabu vichache, jioni moja kwa juma, na watu walio tayari kuulizana. Nawasihi wauanzishe mkutano huo, na kanuni yake ya kwanza iwe hii: kila aulizaye swali aje na kitabu chenye jibu lake, na asiyelijua jibu aazimwe kitabu hicho siku ileile.